Kampala ya Boda Boda, Kigali ya Maziwa

Basi la jioni kutoka Kampala hufika mpakani Katuna usiku wa manane, na ng'ambo ya pili dereva huhama upande wa barabara: Uganda magari hupita kushoto, Rwanda kulia. Mizigo hupekuliwa. Mifuko ya plastiki huachwa hapohapo, maana Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008.

Ukiwauliza wasafiri wa njia hii, wengi watakupimia miji hiyo miwili kwa usafi tu: Kigali inang'aa, Kampala imejaa takataka. Kama vile watu wa huku walizaliwa na ufagio na wa kule bila. Lakini Waganda, watu wa ufalme wa Buganda, wana desturi ya zamani iitwayo bulungi bwansi: ngoma ikilia, kila nyumba hutoa mtu wa kusafisha chemchemi na kutengeneza njia. Wanyarwanda wana umuganda, kazi ya pamoja vilevile. Tofauti ni nani mwenye nguvu ya kuita. Rwanda serikali imeutungia umuganda sheria: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, saa 2 hadi saa 5 asubuhi, watu wa miaka 18 hadi 65 hutoka kufyeka na kuzibua mitaro, maduka yamefungwa, barabara tupu, kisha hufuata mkutano wa mtaa. Asiyetoka bila sababu anaweza kutozwa faini. Buganda nayo ilifutiwa ufalme 1967, ikarudishiwa 1993 bila dola. Kabaka, mfalme wake, anaweza kuita watu, kuwatoza hawezi. Tena Kampala ya leo imejaa Waacholi, Wanyankole na Wasoga, ambao ngoma ya Mengo, makao ya Kabaka, haiwahusu.

Kinachonivuta mimi Kampala ni maneno. Hata mwenye boda boda hakutajii bei kabla hajakuita ssebo (bwana) au nnyabo (bibi) na kukujulia hali. Bei yenyewe ni mazungumzo mengine. Jioni pale Wandegeya, muuza rolex hupiga mayai mawili kwenye kikombe pamoja na nyanya, kitunguu na kabichi, humwaga kikaangoni, hufunika kwa chapati, hugeuza, hukunja, na muda wote huo anabishana na wateja watatu kuhusu mpira. Ukimharakisha utaonekana huna adabu.

Kigali mtu hupandisha sauti kwa nadra. Kupayuka hadharani ni aibu, na hasira humezwa. Abiria wa pikipiki huvaa kofia ngumu na kupanda peke yake. Mishikaki ya watu watatu juu ya boda, kitu cha kawaida Kampala, huioni. Mgeni huona ubaridi. Lakini aingie kwenye kibanda cha maziwa saa 4 asubuhi: wanaume wazima waliofunga tai, kila mmoja na kikombe kikubwa cha ikivuguto, maziwa mgando mazito yaliyochotwa kwa jagi, au inshyushyu ya moto, na andazi pembeni. Katika nchi ambayo ng'ombe ndiye mahari na ndiye zawadi ya urafiki, kukaribishwa maziwa ni heshima kubwa. Maongezi yapo, ila ya chini chini.

Mwanya pekee wa kelele Kigali ni Nyamirambo, mtaa wenye misikiti, vinyozi, biriani na usiku mrefu. Waislamu walifika na biashara na utawala wa Wajerumani, na Kiswahili kikakaa hapo zamani kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Kampala Kiswahili kina historia chungu: wazee wengi hukikumbuka midomoni mwa askari wa Idi Amin, vizuizini. Kwa hiyo msafiri wa Pwani akishuka Nyamirambo aamkie kwa Kiswahili bila wasiwasi. Kampala aanze na ssebo na nnyabo. Kiswahili kitafuata wakishazoeana.