Kukodisha Shamba Mbulu na Hanang: Msimu Mmoja Hautoshi

Msimu unapokaribia, Dongobesh, Haydom, Katesh na Bassotu hawakosekani watu wanaotafuta shamba la kukodi. Wapo pia wenye ekari zilizolala kwa sababu nguvu zimepungua au watoto wamehamia mjini. Mara nyingi wanaelewana kwa mdomo, jirani anakuwa shahidi, na muda ni msimu mmoja. Mwenye shamba huogopa kwamba mgeni akizoea, atalidai. Naielewa hofu hiyo, lakini naamini muda huo mfupi ndio unaomtia hasara.

Angalia samadi. Ukiimwaga mwaka huu, mazao yanaendelea kuifaidi hata msimu wa pili na wa tatu. Mpangaji wa msimu mmoja aisombe ya nini, ili anayekuja nyuma yake avune? Makinga maji hatachimba. Atalima, atapanda, atavuna na kuondoka, na mvua itamalizia kazi kwa kuteremsha udongo. Wairaqw wa Mama Isara, katika nyanda za juu za Mbulu, wamelima miteremko ileile vizazi na vizazi kwa sababu samadi ya zizini hurudi shambani na udongo huzuiwa kwa matuta. Kazi hiyo huifanya mtu anayejua kwamba mwakani bado atakuwepo.

Kwa hiyo kodisha miaka mitatu hata mitano, na uandike. Mahakama zetu zimeshikilia mara nyingi kwamba aliyekaribishwa kwenye ardhi hageuki mmiliki kwa sababu tu ya kukaa muda mrefu. Wenye mashamba wanaposhindwa, tatizo huwa ni kukosa ushahidi kwamba walimkaribisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inamruhusu mwenye haki miliki ya kimila kukodisha, na kwa kawaida inataka idhini ya halmashauri ya kijiji. Mpitie mtendaji wa kijiji, mipaka itajwe pamoja na majina ya majirani, mwenzi wako atie sahihi, na nakala ibaki ofisini. Ukiwa na hati ya hakimiliki ya kimila, namba yake iandikwe, lakini hati yenyewe usimkabidhi mpangaji.

Tarehe ya kumaliza mkataba ina mtego wake huku kwetu. Mahindi yakishavunwa, mbaazi zilizopandwa pamoja nayo bado zimesimama. Mkataba unaosema tu "mpaka mavuno" umeshapanda ugomvi. Taja zao.

Kuhusu kodi, fedha taslimu inayolipwa mapema humwachia mpangaji hatari yote ya bei. Kodi ya magunia huigawa hatari hiyo kwa wote wawili. Agosti 2017 India ilipowekea kikomo mbaazi zinazoingia kwake, bei ziliporomoka, na aliyekubali kulipwa mbaazi aliumia pamoja na mkulima wake. Mzee anayetegemea kodi kwa matibabu achukue fedha.

Kuna jambo moja ambalo Hanang haipaswi kulisahau. Kuanzia miaka ya 1970, mashamba saba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma la kilimo, yakisaidiwa na Canada, yalichukua takriban ekari 100,000. Kwa macho ya waliobuni mradi sehemu kubwa ilionekana haitumiki, kumbe ilikuwa malisho ya Wabarabaig, waliokuwa wakihama na mifugo kwa zamu kulingana na mvua na majani. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO na kushinda katika Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo miaka ya 1980, kwa kuwa hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile.

Shamba lako linaloonekana limelala huenda ni njia ya ng'ombe wa jirani kwenda majini, au ndipo wanapolishwa mabua kiangazi. Kabla ya kupokea fedha, kaa na mwenyekiti wa kitongoji pamoja na wafugaji wanaopita hapo. Mkubaliane njia ipite wapi, mabua ni ya nani na mifugo iingie lini, kisha hayo nayo yaingie kwenye mkataba, mpangaji akiwa amekaa nanyi anasikia.