Vinkristini: Ganzi Isifichwe

Ndugu zetu wa Mbeya na Iringa wanaoishi na VVU wakipata saratani ya Kaposi, ile ya madoa meusi au ya zambarau, vinkristini ni mojawapo ya dawa wanazoweza kupewa pamoja na ARV. Huchomwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingizwa uti wa mgongo huua. Kipimo hufuata urefu na uzito, na kwa kawaida hakizidi miligramu 2 kwa mara moja. Sindano ikiunguza, sema papo hapo. Nywele zikinyonyoka, huota tena. Lakini ganzi ya vidole na kufunga choo, ambavyo wengine huvumilia kimya, mweleze muuguzi kabla ya dozi inayofuata, maana daktari anaweza kuipunguza au kuiahirisha. Na lile ua la Madagaska linalotoa dawa hii, tafadhali msichemshe majani yake nyumbani, ni sumu.