Sensa Iliyoganda kwenye Ekzosi

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zaidi ya maradufu, na kwenye nyuzi za sensa ya oksijeni nafasi hiyo haipo. Ndiyo maana fundi huchomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akalilalia kwa uzito wake wote, na sensa isitikisike. Akizidisha, kinachosalimu amri ni pembe za sensa au nyuzi zenyewe.

Kifaa hiki cha Bosch kilianza kuuzwa kwenye magari ya Volvo huko California mwaka 1976. Ncha yake ya kauri ya zirkonia hukaa ndani ya moshi. Ikishapata joto la sentigredi 300 hivi, tofauti ya oksijeni kati ya moshi na hewa ya nje huzalisha umeme mdogo: karibu volti 0.9 petroli ikizidi, karibu 0.1 ikipungua, na kompyuta ya gari hurekebisha mchanganyiko kwa kufuata hizo. Sasa, ekzosi ikitoboka kabla ya kufika kwenye sensa, hewa ya nje hunyonywa ndani, sensa huripoti kwamba petroli ni kidogo, kompyuta huongeza, na gari huanza kunywa mafuta. Sensa ngapi nzima zimetupwa kwa kosa la tundu! Kagua bomba kwanza.

Sensa ikithibitika imekufa, kazi ndiyo hiyo ya kuing'oa. Sehemu ile hupanda hadi mamia ya sentigredi na kupoa kila safari, na mvuke wa maji umo ndani ya moshi wenyewe. Chumvi huongeza balaa: gari lililozeeka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, au lililolala miaka Tanga na Mombasa karibu na bahari, ni mgonjwa wa kutu hata rangi yake ikiwa bado inang'aa.

Mafuta ya kulegeza kutu yapulizwe jioni, ekzosi ikiwa baridi, yapate usiku kucha ya kujipenyeza. Kuyapuliza kwenye bomba la moto ni kutafuta moshi mzito, pengine na moto. Asubuhi washa injini dakika chache mahali penye hewa, izime, kisha jaribu chuma kikiwa na joto.

Bado? Lete mtungi wa gesi, lakini uondoe kwanza waya na mipira iliyo karibu, na ujue bomba la petroli linapita wapi. Moto uelekezwe kwenye kitako kinachoishika sensa, usiichome sensa. Ni hesabu ya kifuniko cha chupa ya achari: kinachotakiwa kupanuka ni cha nje. Kitako chenye tundu la milimita 18 kikipanda sentigredi 300 juu ya sensa, tundu hupanuka kwa milimita 0.06 hivi, kadiri ya unywele. Inatosha, maana kutu haina mnyumbuko. Hupasuka, na mafuta hupata njia.

Soketi yenye mkato wa kupitishia waya ni nzuri kwa sensa iliyolegea. Kwa iliyoganda, mkato hufunguka na soketi huteleza. Kwa kuwa sensa imeshakufa, kata waya, uvike soketi nzima ya 22 yenye pembe sita. Ikisogea kidogo na kutoa mlio mkali, usishangilie: irudishe robo, tia mafuta, ufungue tena. Anayevuta upande mmoja tu huisaga kutu ndani ya nyuzi mpaka zinararuka. (Baadhi ya Toyota za miaka ya 1990 hufunga sensa kwa nati mbili, huko hofu ni kukatika kwa studi.)

Ikitoka, safisha nyuzi kwa tapi ya 18 kwa 1.5. Sensa mpya ipakwe grisi ya nikeli kwenye nyuzi tu, kama haikuja nayo, isiguse ncha.

Nyuzi zikiwa zimekwisha, kwenye bomba la kawaida fundi wa kuchomelea ataweka kitako kipya. Manifoldi ya chuma cha kusubu ni shughuli nyingine: ikichomelewa na kupoa haraka hupasuka, na wengi huona nafuu kuzunguka Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi kutafuta nyingine iliyotumika.