Vijidudu Visivyosikia Dawa

Mfugaji akiwapa wanyama wake dawa za kuua vijidudu ovyo, vijidudu dhaifu hufa, vilivyo sugu husalia na kuzaana. Kisha hutufikia mezani kwa nyama, mayai au maziwa. Mwaka 1945 Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya kwamba dawa isiyotimia kipimo huvizoeza vijidudu kuistahimili. Mwaka 2015 wataalamu wa China walitangaza kuwa wameona katika nguruwe na nyama vijidudu visivyosikia kolistini, ambayo ni akiba ya mwisho ya madaktari. Mwaka 2017 nchi hiyo ikakataza kuichanganya katika chakula cha mifugo.

Lakini moto huua hata vijidudu sugu. Basi tuchemshe maziwa, tupike nyama ikaiva, na kisu kilichokata nyama mbichi kioshwe kabla hakijakata kachumbari.