Unauza ndege wa kufuga? Uliza kuhusu mzio kabla hujapokea hela

Najua wengi humu mnauza nguo, viatu na vipodozi, ila naona wauzaji wa njiwa wa mapambo, chiriku na kasuku wadogo wanaongezeka. Leo naongea na nyie, maana na mimi ndiyo biashara yangu.

Kiatu kikimbana mteja anakirudisha, unamuuzia mwingine. Ndege akirudishwa baada ya wiki tatu amenyong'onyea, hali vizuri, na huko alikotoka kuna mtoto kifua kinambana usiku. Hela unaweza kurudisha. Kile kifua huwezi.

Watu wanasema "nina aleji ya manyoya". Kinachosumbua hasa ni protini za ndege, zile zilizo kwenye vumbi la ngozi na manyoya, kwenye mate na kwenye kinyesi kikishakauka. Ndege akipiga mbawa vyote vinaruka, mtu anavuta. Kwa hiyo usiandike kwenye posti yako "ndege huyu hana aleji". Hakuna ndege wa namna hiyo. Wanazidiana tu vumbi. Njiwa, kokateli (yule mwenye kishungi kichwani) na kasuku wa kijivu wana manyoya yanayosagika yakawa poda nyeupe. Mshike kokateli ukiwa umevaa fulana nyeusi utaona mwenyewe. Kasuku wadogo na chiriku poda yao ni kidogo, ila ipo. (Na huyo wa kijivu usimposti kama huna karatasi zake. Tangu 2017 yuko kwenye orodha kali kuliko zote ya mkataba wa CITES.)

Sasa sikilizeni hapa, maana wengi hawajui kuwa shida zenyewe ni mbili.

Ya kwanza inakuja haraka. Dakika chache tu au ndani ya saa moja mtu anapiga chafya, macho yanawasha, pua inachuruzika, na mwenye pumu anaanza kukoroma kifuani. Hii mteja anaiona palepale.

Ya pili ndiyo mbaya. Madaktari waliieleza mwaka 1965 kwa wafugaji wa njiwa Marekani, na mpaka leo inaitwa ugonjwa wa mapafu wa wafuga njiwa, ingawa ndege wengine pia wanauleta. Mtu hapigi chafya. Anakaa na ndege, anasafisha banda, anaondoka mzima. Baada ya saa nne mpaka nane anapata homa, baridi, kikohozi kikavu na pumzi inakuwa fupi. Kesho yake anapata nafuu. Huku kwetu atasema ni malaria au mafua. Na kuna wengine hawapati hata homa, ni pumzi tu inapungua polepole kwa miezi, na mapafu yakishapata makovu hayarudi yalivyokuwa. Hii inawahusu hata nyie wauzaji, tena zaidi ya mteja, kwa sababu nyie ndio mnaokaa na mabanda kutwa nzima. Vaa barakoa ukisafisha, na mwagia maji kidogo kabla ya kukwangua kinyesi kikavu.

Kumpima mteja mimi nafanya hivi. Namwambia aje dukani na watu wote atakaokaa nao nyumbani, hasa watoto. Wakae karibu na banda kama saa nzima, wasiwe wamekunywa dawa ya mafua au ya mzio, maana inaficha dalili. Wakiondoka namwomba aniambie hali zao jioni ile na kesho yake. Halafu warudi siku nyingine, mara mbili au tatu. Hata hivyo si uhakika wa asilimia mia, kuna watu mwili unaanza kukataa baada ya miezi ya kuishi na ndege.

Mwenye pumu simfanyii jaribio hilo kabisa. Huyo aende kwanza kwa daktari, kuna kipimo cha ngozi na cha damu, hospitali kubwa wanavyo. Kuna mama alitaka kumnunulia mwanawe kasuku wawili kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa, akaniambia pumu ya mtoto "ni ya kawaida tu". Nikakataa kupokea hela. Alikasirika, akaniambia nachagua wateja. Wiki iliyofuata akanitumia ujumbe kuwa kipimo kimeonyesha mzio wa ndege. Hajawahi kununua kitu kwangu, ila amenitumia wateja wawili wa mabanda.

Utasikia pia: "Mimi nimekulia na kuku, sina shida." Kuku wa nyumbani wanashinda nje kwenye upepo. Ndege wa kwenye banda anakaa sebuleni, au chumbani kabisa, madirisha yamefungwa sababu ya mbu. Ni vitu viwili tofauti.

Kwa mteja wa mkoani asiyeweza kufika, mwambie atafute jirani anayefuga ndege wa aina ileile, akakae naye. Ukimtumia ndege kwa basi halafu ndiyo mjaribu, safari ya kurudi inaweza kumuua.

Huu ndio ujumbe wangu, unaweza kuunakili:

"Asante kwa oda yako dada/kaka. Kabla hujalipia naomba unijibu: Nyumbani mko wangapi? Kuna mwenye pumu, mafua yasiyoisha au kikohozi cha muda mrefu? Kuna mtu aliwahi kuwashwa macho au kubanwa kifua akiwa karibu na kuku au njiwa? Banda litakaa chumba gani, na kuna anayelala humo?"

Akijibu "we nitumie tu namba ya kulipia", mrudishie maswali yaleyale. Namba isubiri.