Saundiba: mnunuzi asome adapta kabla ya kuliamini boksi

Fedha ya ufuta, mpunga na mahindi ikishaingia mifukoni, wateja wa Wilaya ya Momba huanza kuulizia vitu vya nyumbani. Wenye maduka wa Chitete, yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya hiyo, hulazimika kuamua mapema wafuate mzigo gani Tunduma na waweke mtaji kiasi gani. Miongoni mwa bidhaa zinazofuatana na televisheni ni saundiba, yaani spika ndefu na nyembamba inayowekwa chini ya kioo ili sauti isikike vizuri zaidi.

Ni bidhaa nyepesi kubeba, haichukui nafasi kubwa dukani na haiozi. Hata hivyo, ni miongoni mwa bidhaa ambazo maneno ya boksi na kilichomo ndani hupishana sana, na anayeumia kwa tofauti hiyo mara nyingi ni muuzaji mdogo.

Chukua hesabu ya mfano. Mwenye duka ananunua saundiba 10 kwa sh. 120,000 kila moja. Mtaji wake ni sh. 1,200,000. Anauza kwa sh. 145,000, hivyo anatarajia faida ya sh. 250,000 kabla ya nauli na kodi ya pango. Sasa wateja wawili wanarudisha: mmoja anadai haina nguvu iliyoandikwa, mwingine anasema haikubali kuungana na televisheni yake. Muuzaji wa jumla hazipokei. Mwenye duka amebaki na mauzo ya nane, yaani sh. 1,160,000. Ameuza nane kati ya kumi, na bado amepata hasara ya sh. 40,000.

Kwa hiyo suala la kuchagua saundiba si la mwenye sebule peke yake. Ni suala la mtaji.

KWA NINI TELEVISHENI MPYA HAZISIKIKI

Televisheni binafsi zilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, televisheni za wakati huo zilikuwa zile za chogo. Zilikuwa nzito, lakini tumbo lake lilikuwa na nafasi ya kutosha spika, na nyingi zilielekeza sauti mbele au ubavuni. Televisheni bapa za leo zina kioo kikubwa na mwili mwembamba. Spika zake ni ndogo, na mara nyingi hutazama chini au nyuma. Sauti hugonga meza au ukuta kwanza, ndipo imfikie msikilizaji.

Matokeo yake ni malalamiko yanayojulikana na kila fundi: muziki unasikika, lakini maneno ya mtangazaji wa habari hayaeleweki. Mtazamaji huongeza sauti, tangazo la biashara likiingia nyumba nzima inashtuka, naye hupunguza tena. Tatizo hapa si uchache wa sauti. Ni maneno kukosa uwazi. Saundiba ndogo husaidia kwa sababu moja kubwa, kwamba spika zake humtazama msikilizaji.

ADAPTA HUSEMA KWELI

Swali la kwanza la mteja wa kawaida ni, "Kaka, hii ina wati ngapi?" Watengenezaji wanalijua swali hilo, na ndiyo maana boksi huandikwa tarakimu kubwa kuliko jina la bidhaa. Mara nyingi tarakimu hizo huambatana na herufi PMPO. Hicho ni kipimo kisicho na kanuni moja inayokubalika. Kila kiwanda hukokotoa kinavyotaka. Kipimo kinachofaa kulinganishia ni RMS, ambacho huonyesha nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo.

Boksi lisipoonyesha RMS, lipo jambo ambalo mnunuzi yeyote anaweza kulifanya akiwa amesimama dukani. Saundiba ndogo nyingi hutumia adapta ya nje. Geuza adapta hiyo, tafuta sehemu iliyoandikwa OUTPUT, kisha zidisha volti kwa ampea. Adapta ya volti 12 na ampea 2 inatoa wati 24. Saundiba haiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko umeme inaopokea. Boksi likisema wati 300 na adapta ikasema 24, adapta ndiyo ya kuaminiwa. Zinazotumia waya wa USB wa volti 5 na ampea 1 hupokea wati 5 tu.

Kwenye adapta hiyo hiyo, sehemu iliyoandikwa INPUT isomeke 100 hadi 240. Iliyoandikwa 110 peke yake haifai kuchomekwa kwenye umeme wa nchini, ambao ni volti 230.

Wati 24 si aibu. Kwa chumba cha kawaida ni nguvu ya kutosha kabisa. Kosa ni kulipia wati 300 na kupewa 24.

WATI MARA MBILI SI SAUTI MARA MBILI

Wanunuzi wengi huongeza fedha wakidhani kifaa cha wati 40 kitasikika mara mbili ya kile cha wati 20. Sivyo. Kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio hulitambua kama nyongeza ndogo. Ili sauti ionekane imekuwa mara mbili, huhitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo kupanda kutoka wati 20 hadi 30 hakustahili nyongeza kubwa ya bei. Fedha hiyo ni heri itumike kupata matundu sahihi ya kuunganishia.

Umbali nao hula sauti. Mahali pa wazi, msikilizaji akisogea mbali mara mbili hupoteza takriban desibeli 6. Ndani ya chumba upungufu huwa mdogo kuliko huo kwa sababu kuta hurudisha sauti. Hapa ndipo mipaka ya saundiba ndogo inapoonekana.

MATUNDU KABLA YA MUZIKI

Saundiba nyingi zinazorudishwa huwa nzima. Zimekosa tu njia ya kuungana na televisheni ya mteja. Muuzaji amuulize mteja televisheni yake ina matundu gani, au, bora zaidi, mteja apige picha ya mgongo wa televisheni yake kwa simu kabla ya kwenda dukani. Njia ni nne:

HDMI ARC. Ndiyo njia bora. Ilikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009. Waya mmoja huleta sauti, na mara nyingi rimoti ya televisheni huweza kuongeza na kupunguza sauti ya saundiba. Lakini lazima waya uchomekwe kwenye tundu la televisheni lililoandikwa ARC. Matundu mengine ya HDMI hayatatoa sauti.

Tundu la mwanga, lililoandikwa OPTICAL. Sauti yake ni safi. Ikiwa kimya kabisa baada ya kuunganisha, mara nyingi dawa ni kuingia kwenye mpangilio wa sauti wa televisheni na kuchagua PCM. Wapo wanaoirudisha saundiba dukani kwa kukosa kujua jambo hili la dakika moja.

AUX. Ni waya wa kawaida wa tundu la spika za masikioni. Unafaa kwa televisheni za zamani na ndogo. Hapa sauti ya televisheni ipandishwe kiasi, kisha ile ya saundiba ndiyo irekebishwe.

Bluetooth. Haina waya, lakini si kila televisheni inayo. Kadhalika, sauti huweza kuchelewa nyuma ya picha kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwa muziki wa simu haina neno. Kwa mpira, mtazamaji huona mguu umepiga ndipo mlio ufuate.

Kwa mwenye king'amuzi, utaratibu rahisi ni kukiunganisha king'amuzi na televisheni, kisha televisheni na saundiba. Kwa njia hiyo, sauti ya chochote kinachoonekana kwenye kioo itapita kwenye saundiba.

Mwenye duka aangalie pia waya uliomo kwenye boksi. Nyingi huja na waya wa AUX peke yake. Kuweka akiba ya nyaya chache za HDMI na za mwanga ni biashara ndogo inayookoa biashara kubwa, kwani mteja wa Chitete hawezi kurudi Tunduma kwa ajili ya waya.

INAKAA WAPI

Kifaa kizuri kikiwekwa vibaya huonekana kibovu. Saundiba iwekwe kwenye ukingo wa mbele wa meza, siyo ndani ya kabati wala nyuma ya vyombo vya mapambo. Isikizibe kijicho cha rimoti cha televisheni. Ikiwezekana iwe karibu na kimo cha masikio ya aliyeketi.

Vipimo navyo vina maana. Kioo cha inchi 32 kina upana wa takriban sentimita 71, na cha inchi 43 takriban sentimita 95. Saundiba ya sentimita 40 hadi 60 inakaa vizuri chini yake, ila mnunuzi apime kwanza nafasi iliyopo kati ya miguu ya televisheni.

Chumba cha sakafu ya saruji, kuta tupu na bati lisilo na dari hurudisha sauti na kuyavuruga maneno. Pazia zito, mkeka au zulia huweza kuleta nafuu kuliko kununua kifaa cha bei kubwa zaidi.

NANI ANUNUE, NANI ASINUNUE

Kwa sebule, saluni, duka la dawa au mgahawa wa mita 4 kwa 5, saundiba ndogo inatosha. Mwenye saluni anahitaji mteja asikie habari bila kumpigia kelele jirani, na hilo linawezekana.

Kwa mwenye sola, hesabu ni nzuri zaidi. Kifaa kinachopokea wati 24 kikiwashwa kwa saa 4 hutumia wati-saa 96 hata kikiwa kwenye nguvu yake yote, sawa na ampea-saa 8 za betri ya volti 12. Sabufa inayovuta wati 80 kwa muda huo huo hutumia wati-saa 320, karibu ampea-saa 27. Kwa mwenye betri ndogo, hiyo ni tofauti kati ya kumaliza mechi na kuzimikiwa kipindi cha pili.

Mwenye kibanda umiza ni habari nyingine. Watu 60 wanaoshangilia chini ya bati wataimeza saundiba ndogo. Huyo anahitaji spika kubwa mbili zilizotenganishwa, na asishawishiwe na boksi lolote. Kadhalika, anayependa besi nzito ya muziki aende kwenye sabufa. Spika za upana wa vidole vitatu haziwezi kusukuma hewa kiasi hicho.

MZIGO WA MPAKANI

Ukaribu wa Nakonde huwavutia wengi kulinganisha bei za pande mbili. Jambo la kukumbuka ni kwamba saundiba iliyotengenezwa China haigeuki kuwa bidhaa ya Zambia kwa kupita Zambia. Nafuu ya ushuru ya SADC hutolewa kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Tanzania nayo ilijitoa COMESA mwaka 2000, hivyo utaratibu rahisi wa jumuiya hiyo kwa wafanyabiashara wadogo hauhusiki katika mpaka huu. Mzigo hutakiwa kupita Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2019, na gharama zake ziingizwe kwenye hesabu kabla ya kusema upande mmoja ni rahisi.

Anayenunua jumla upande wa Tunduma adai risiti ya EFD yenye jina na aina ya bidhaa. Bila karatasi hiyo, hoja ya kurudisha kifaa kibovu haina mguu wa kusimamia.

USHAURI KWA MWENYE MTAJI

Mwenye duka anayeanza asinunue 10 za aina moja. Heri achukue tatu au nne zenye HDMI ARC na AUX kwa pamoja, azifungue, asome adapta, aziwashe na kuzisikiliza kwa sauti ya habari, siyo ya muziki. Zikitoka bila kurudi, aongeze.

Mteja anapofika, awashiwe dukani, aonyeshwe tundu litakalotumika na aambiwe wati za kweli. Huenda mauzo ya siku hiyo yakachukua nusu saa zaidi. Ila katika mji mdogo, mteja aliyeambiwa wati 24 na akazipata 24 humleta jirani yake. Aliyeahidiwa 300 humleta mwenyekiti wa kitongoji.