Bwawa la samaki kushika utando: angalia maji yanaingilia wapi na kutokea wapi

Swali ninaloulizwa sana na wafugaji wa samaki hapa Same ni hili: "Afisa, bwawa langu limeshika utando juu, niweke dawa gani?" Dawa hakuna. Na tafadhali, yule anayekushauri umwage mafuta ya taa kidogo "kuua wadudu" usimsikilize.

Kwanza ujue ni utando gani. Chukua kijiti, ukate katikati. Ukivunjika vipande kama kioo chembamba na visiungane haraka, huo ni wa bakteria wanaoishi kwenye maji yaliyotulia. Ukijifunga palepale na una rangi za upinde wa mvua, hayo ni mafuta ya mashine. Kagua pampu yako. Ukiwa wa kijani mzito kama rangi ya ukutani na unanuka, ni mwani uliozidi, na maji hayo mifugo wasinywe.

Mara nyingi ninaokutana nao ni ule wa kwanza: mafuta ya chakula, pumba iliyobaki, vumbi letu la Same na mwani uliokufa, vyote vimekaa juu kwa sababu hakuna kinachovisogeza. Unapunguza hewa inayoingia majini, na ukiwa mzito unaziba mwanga pia. Mchana huoni shida kwa sababu mwani unatengeneza oksijeni. Usiku mwani, samaki na tope la chini wote wanaitumia hiyohiyo, kwa hiyo inafika chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Ndiyo maana bwawa linaweza kuwa zima jioni, asubuhi ukakuta sato wote wako juu wanatoa midomo, na wakubwa uliokuwa unawasubirisha soko ndio wanaanza kufa.

Vijana wengi wakiona hivyo wanafungulia maji yaingie kutwa nzima. Hapo sikubaliani. Maji yanayoshuka kutoka milima ya Chome ni ya baridi, na sato anakula vizuri kwenye nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 ulaji unapungua sana. Tena unasukuma nje ule ukijani ambao ni chakula chake cha bure. Zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, ukijani unatosha. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo tu, simamisha mbolea na upunguze chakula.

Kinachosaidia ni njia ya maji. Saa kumi jioni angalia upepo unasukumia majani na povu kona ipi. Kona hiyo ndiyo ya kuweka bomba la kutolea maji, mdomo wake ukiwa usawa wa uso wa maji ili linyonye utando. Wengi wanatolea chini peke yake, halafu wanashangaa utando hauondoki! Maji yaingilie upande wa pili, yadondoke toka juu kidogo, yapige jiwe bapa au bati lililotobolewa. Yakitawanyika yanabeba hewa, na yanausukuma utando kuelekea kwenye bomba. Chakula kimwagie ndani ya fremu ya mianzi inayoelea, mafuta yake yasisambae. Hata mwenye samaki wa mapambo kwenye tanki la kioo sebuleni hufanya vilevile: anauelekeza mdomo wa pampu juu mpaka uso wa maji ucheze.

Sasa maji yenyewe yako wapi? Huku kwetu yanakuja kwa zamu, na hapo wazee wa Kipare walishatusaidia. Ndiva hukusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi inafunguliwa. Asubuhi ndiyo saa samaki wako wana shida ya hewa. Basi chimba bwawa katikati ya mfereji na shamba, maji ya zamu yako yapite bwawani kwanza, kisha yaende kwenye nyanya au tangawizi yakiwa na mbolea ndani. Jirani hawezi kusema umeyapoteza. Lakini uongee na kamati ya ndiva kabla hujachimba, na uulize Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kuhusu kibali. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Ugomvi wa maji umefunga miradi mizuri kuliko ugonjwa wa samaki.

Siku ambayo si zamu yako na samaki wanahema, usilishe. Vuteni kanga ndefu juu ya maji, watu wawili, mkusanye utando kwenye kona na kuuchota, halafu chota maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga toka juu mpaka jua lipande.

Jambo moja kuhusu hilo bomba: lifunge wavu wa matundu madogo. Maji ya milima hii, upande wa Makanya hata upande wa Mkomazi, mwelekeo wake ni Mto Pangani, na bonde hilo lina perege wa asili, wakiwemo wa Ziwa Jipe, ambao sato wa kuletwa wanaweza kuzaana nao na kuwamaliza. Wavu ukague kila asubuhi ya zamu, maana majani yakiuziba maji yatapita juu ya tuta na samaki wako wataondoka nayo.